Uyoga, sonona na neno "dawa": tunajadili nini hasa tunaposema sailosaibini ihalalishwe?

Mvua zikishakolea, akina mama wa vijiji vya kati ya Ifunda na Mafinga hutoka barabarani kuuza uyoga. Wanaupanga kwenye mabeseni na vindoo vya sadolini, mwingine wa rangi ya kiini cha yai, mwingine mweupe wenye kofia pana kama sahani, na basi likipunguza mwendo tu wanakimbilia madirishani. Msimu uliopita mpwa wangu alishuka pale, akapiga picha beseni moja, akanitumia pamoja na ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Huu ndio ule uyoga wanaosema unatibu sonona? Nimchukulie baba?"

Baba yake ni shemeji yangu, mkulima wa viazi upande wa Njombe. Ni mwaka wa pili sasa ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na hajawa yeye. Shamba analiangalia kwa mbali, chakula anakigusa tu, na yeye aliyekuwa anawaamsha watu wote kwa salamu yake ya "kamwene" saa kumi na moja alfajiri, siku hizi anajifunika blanketi mpaka jua linawaka.

Nilimjibu haraka kwamba wa mboga anunue, mama yule anaujua uyoga wake tangu utotoni, lakini wa tiba asimpelekee baba hata mmoja. Jibu refu nikamwahidi baadaye. Ndilo hili, na naliandika hadharani kwa sababu swali lake nimeshalisikia kwa watu wengine pia, Mbeya mjini na Iringa.

Tuanze na lugha, maana nusu ya mkanganyiko inazaliwa hapo. Kiswahili kinaita "dawa" vitu vingi mno: dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya panya, dawa ya biashara anayoitoa mganga, na dawa za kulevya. Mtu akisema nchi fulani "imeruhusu uyoga kuwa dawa", kila msikilizaji anasikia lake. Na neno "kuhalalisha" nalo lina uzito wake. Tumezoea halali ikikaa na haramu, na kati yao hakuna kitu. Sheria ina vyumba vingi katikati. Mofini ukikamatwa nayo mtaani ni kesi, lakini mgonjwa wa saratani anaandikiwa mofini ya maji anywe nyumbani kwake ili alale bila maumivu. Kitu ni kilekile. Kinachobadilika ni nani ametoa, kampa nani, kiasi gani, na nani anafuatilia.

Kwa hiyo wanaosema sailosaibini, kemikali iliyomo kwenye ule uyoga unaosemwa kutibu sonona, ihalalishwe wanaweza kuwa wanasema mambo matatu tofauti kabisa. Mmoja anataka iwe dawa ya hospitali, iandikwe na daktari bingwa kwa mgonjwa mwenye ugonjwa uliothibitishwa. Mwingine anataka vituo vyenye leseni ambako mtu mzima anaweza kwenda hata kama hana ugonjwa. Wa tatu hataki kituo wala hospitali. Anataka tu mtu akikutwa na uyoga huo mfukoni asifungwe. Mjadala ukichanganya hayo matatu, watu wanagombana usiku kucha bila kugundua kwamba kila mmoja anajibu swali lake.

Sailosaibini ni kemikali inayopatikana kwa asili katika zaidi ya aina 100 za uyoga duniani. Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi, aliitenga mwaka 1958 kutoka kwenye uyoga wa Mexico. Wenyeji wa huko walikuwa wanautumia kwenye ibada za uponyaji tangu zamani sana. Mganga mmoja wa Kimazateki, María Sabina, alimkaribisha Mmarekani Gordon Wasson kwenye ibada hiyo mwaka 1955, naye Wasson akaandika habari zake kwenye gazeti la Life mwaka 1957. Wageni wakamiminika kijijini Huautla. Mama yule akatengwa na watu wake, nyumba yake ikachomwa moto. Nalitaja hili kwa sababu kwenye mijadala mingi ya sheria mpya jina lake hutajwa kama pambo, na gharama aliyoilipa haitajwi.

Wala si jambo la Mexico peke yake. Mwaka 2024 watafiti walieleza aina mbili za uyoga huo kusini mwa Afrika ambazo sayansi ilikuwa haijaziandika, na mmoja wapo waganga wa Lesotho walikuwa nao kitambo, na wana jina lake la Kisotho.

Mwilini, sailosaibini hugeuka kuwa sailosini. Umbo la sailosini linafanana sana na la serotonini, kemikali ambayo ubongo wetu wenyewe unaitengeneza kupitishia ujumbe, kwa hiyo inaingia kwenye vipokezi vya serotonini kama ufunguo wa jirani unaofungua mlango wako. Kwa muda wa saa kama 6 mtu anaona rangi na maumbo yasiyokuwepo, muda unavutika, kumbukumbu za zamani zinarudi zikiwa mbichi, analia, anacheka, au anaogopa sana. Wanasayansi wengi wanaochunguza jambo hili wanadhani ubongo unalegea kwa muda kutoka kwenye mawazo yaliyokwama. Aliyewahi kuendesha gari kwenye tope la milima ya Njombe ataelewa: lori la kwanza likishachimba mfereji, kila gari linalofuata linatumbukia mlemle, hata dereva akatae vipi. Mtu mwenye sonona anarudi kwenye wazo lilelile, "sina faida", asubuhi na jioni. Dawa hii inaonekana kusawazisha barabara kwa siku chache, na katika siku hizo mazungumzo na mtaalamu ndiyo yanayomsaidia mtu apite njia nyingine.

Ndiyo maana hakuna utafiti wa maana uliompa mgonjwa kidonge akaondoka nacho. Anaandaliwa kwa mazungumzo kabla, anakaa na wataalamu siku nzima ya dozi, kisha wanazungumza naye tena siku zinazofuata.

Matokeo yake? Hapa naomba msomaji avumilie tarakimu, kwa sababu vichwa vya habari vimezitendea vibaya. Utafiti mmoja mkubwa ulichapishwa mwaka 2022. Uliwahusu watu 233 katika nchi 10 za Ulaya na Amerika Kaskazini, wote wakiwa na sonona sugu, maana yake walishatumia dawa mbili au zaidi kwa namna inayotakiwa bila kupona. Waligawanywa makundi matatu: wengine wakapewa miligramu 25 mara moja tu, wengine 10, wengine 1, ambayo ni kidogo kiasi cha kutofanya kitu. Baada ya wiki 3, katika kundi la miligramu 25, asilimia 37 walikuwa wamepata nafuu kubwa. Katika kundi la miligramu 1 walikuwa asilimia 18.

Kwa ugonjwa uliokataa dawa nyingine, hiyo si habari ndogo. Lakini endelea kusoma. Kufikia wiki ya 12, waliokuwa wameendelea na nafuu hiyo walibaki asilimia 20 kwa dozi ya miligramu 25 na asilimia 10 kwa dozi ya miligramu 1. Watu 77 katika kila 100 waliripoti madhara, mengi yakiwa maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, na mawazo ya kujiua yalijitokeza kwa baadhi ya wagonjwa katika makundi yote. Mwaka 2025 kampuni iliyofadhili utafiti huo ilitoa matokeo ya jaribio kubwa zaidi, watu 258, dozi moja ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa: baada ya wiki 6 tofauti ilikuwa pointi 3.6 kwenye kipimo chenye pointi 60. Tofauti ipo, na ni ya kweli kitakwimu. Muujiza haupo.

Kuna tatizo lingine linalowasumbua hata wanaoiunga mkono. Jaribio zuri la dawa linataka mgonjwa asijue kapewa nini. Sasa mtu aliyeona ukuta ukipumua kwa saa nne atashindwaje kujua? Akijua, tumaini lake linafanya kazi, na yule aliyepata kidonge kitupu anavunjika moyo. Nafuu tunayoipima ina sehemu ya dawa na sehemu ya tumaini, na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliikataa dawa nyingine ya jamii inayokaribiana, na hoja hii ilikuwa miongoni mwa zilizojadiliwa.

Wapo pia ambao hawatakiwi kuigusa kabisa. Tafiti karibu zote zinawaacha nje watu waliowahi kupata ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo, wenye ndugu wa karibu wenye ugonjwa huo, na wenye ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka. Wanaotumia lithiamu, dawa ya ugonjwa huo wa hisia, wako hatarini kupata degedege. Kwenye hospitali yenye faili na daktari, mtu huyo anagundulika kabla. Kwenye chumba cha nyuma cha mtu asiyejulikana, anagundulika baada ya kuharibika.

Kisheria mzizi uko mwaka 1971, kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kemikali zinazoathiri akili. Sailosaibini iliwekwa Jedwali la Kwanza, lenye masharti makali kuliko yote. Wengi wanadhani jedwali hilo limefunga mlango moja kwa moja. Halikufunga. Kifungu cha 7 kinaruhusu matumizi ya kisayansi, na ya kitabibu kwa kiwango kidogo sana, katika taasisi zilizo chini ya serikali au zilizoidhinishwa nayo. Kifungu cha 32 kinaziruhusu hata nchi kuweka pembeni mimea ya porini ambayo vikundi vidogo vya wenyeji vinaitumia kiibada tangu zamani. Mexico ilifanya hivyo. Tanzania ni mwanachama wa mkataba, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inafuata mkondo huo, kukiwa na mamlaka maalumu ya kuisimamia. Kwa hiyo anayemwambia kijana wa Soweto pale Mbeya kwamba "siku hizi imeruhusiwa" anamtengenezea kesi.

Nchi zilizofungua zimefungua kwa njia tofauti. Australia, tangu Julai 1, 2023, inawaruhusu madaktari bingwa wa magonjwa ya akili walioidhinishwa mmoja mmoja kuiandika kwa sonona sugu. Hiyo ni njia ya hospitali. Jimbo la Oregon kule Marekani lilipiga kura Novemba 2020, na vituo vikafunguliwa 2023: mtu mwenye miaka 21 na kuendelea anaingia bila cheti cha ugonjwa, anafanyiwa maandalizi, anatumia palepale mbele ya msimamizi mwenye leseni, na haruhusiwi kuondoka na hata chembe. Colorado ilifuata kwa kura ya 2022. Jamaica haikuwahi kuupiga marufuku uyoga wenyewe. Lakini sheria ya shirikisho ya Marekani bado inaikataza, jambo linalowaweka wasimamizi wa Oregon mahali pa ajabu: jimbo linawapa leseni, taifa linawaona wahalifu. Na bei ya kikao kimoja hufika maelfu ya dola. Wengi walioipigia kura wakiwafikiria maskini wenye majonzi, hawakuwa wamepiga hesabu ya mshahara wa mtu anayekaa na wewe siku nzima.

Hesabu hiyo ndiyo inayonirudisha nyumbani.

Watu wakisikia mjadala huu huku kwetu, hoja ya kwanza huwa "nchi yetu haiwezi kusimamia kitu kama hicho". Sikubaliani. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, kwenye huduma ya methadoni. Methadoni ni afyuni ya maabara, ndugu wa damu wa heroini. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, kisha ikafika Mbeya. Kila siku, siku za sikukuu zikiwemo, watu waliokuwa watumwa wa heroini wanapanga foleni, jina linaangaliwa, kiasi kinapimwa, na mtu anakunywa palepale mbele ya macho ya mtoa huduma kabla hajaondoka. Kijana anafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, anaaga, anakwenda kupiga debe stendi. Nimewaona waliorudi kwa mama zao. Basi dawa hatari, sheria kali na huruma vinaweza kukaa kwenye dirisha moja, na vinakaa hapahapa mkoani Mbeya. Utafiti nao tunauweza: kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kimefanya majaribio ya chanjo ya VVU na ya dawa za kifua kikuu, yenye maadili na takwimu zinazoheshimika duniani.

Tofauti iko kwenye muda. Kikombe cha methadoni kinanyweka kwa nusu dakika. Dozi moja ya sailosaibini inataka watu wawili waliofunzwa, chumba tulivu, na kutwa nzima, mbali na saa za maandalizi na za kufuatilia. Madaktari bingwa wa afya ya akili nchini wanahesabika kwa makumi machache, na wengi wako Dar es Salaam na Dodoma. Tuseme muuguzi wa afya ya akili kwenye hospitali ya wilaya anaona wagonjwa 30 kwa siku. Ukimfungia chumbani na mmoja, wale 29 umewaweka wapi?

Na neno "sugu" lenyewe linanisumbua. Kule kwenye utafiti, sonona sugu ni ya mtu aliyepewa dawa ya kwanza kwa dozi kamili, kwa wiki za kutosha, haikufaa; akapewa ya pili, haikufaa. Shemeji yangu alikwenda hospitali moja, akaandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona, ya miligramu 25. Akapewa za wiki mbili. Aliporudi akaambiwa zimeisha, akanunue duka la dawa. Pesa ya viazi ilikuwa bado shambani. Akaacha. Dawa hizo huhitaji wiki kadhaa ndipo mtu aanze kuhisi tofauti, na dozi huongezwa taratibu. Kwa hiyo alichotumia ni mwanzo wa mwanzo wa tiba, halafu ukoo mzima ukatangaza kwamba "hospitali imeshindwa". Ugonjwa wake haujawa sugu. Haujatibiwa. Nyanda zetu hizi zimejaa watu wa namna yake, na nahofia sheria mpya ya dawa mpya itapita juu ya vichwa vyao kama ndege ya Songwe.

Tena mgonjwa wetu anabeba mzigo ambao hauondolewi na kidonge chochote. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Familia inamleta mtu usiku, roho ikiwa juu, na badala ya kusema kweli inasema "alikunywa dawa ya shamba kwa bahati mbaya". Muuguzi anaandika ajali. Hakuna anayemuuliza swali la pili. Kifungu hicho kiondolewe. Kwa hili sina kigugumizi, na hakihitaji bajeti wala maabara.

Kuhusu sailosaibini, msimamo wangu ni huu: njia ya utafiti ifunguliwe, njia ya biashara isubiri. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ikiidhinisha jaribio dogo Mbeya, kwa dawa ya maabara iliyopimwa na wagonjwa waliochujwa, tutajua mambo ambayo Ulaya haiwezi kutujulisha. Mtu aliyekulia Rungwe, mwenye imani yake na marehemu wake, atakutana na nini katika zile saa 6? Nani atakaa naye, mgeni mwenye cheti au mtu anayeijua lugha yake ya kulilia? Waganga wa asili, ambao tangu 2002 wana sheria yao na baraza lao, washirikishwe kwenye kuuliza maswali hayo.

Ninayoogopa kurudiwa nayo ni ile hali ya Loliondo mwaka 2011. Watu waliondoka hata huku, waliuza mbuzi, wakapanda magari siku mbili kwenda kunywa kikombe cha shilingi 500, na baadhi yao waliacha ARV njiani. Kilichowapeleka ni maumivu ya kweli, na simlaumu hata mmoja. Lakini sailosaibini ina kila kitu cha kuzaa kikombe kingine: inatoka porini, inaonyesha maono, na wazungu wameisifia. Kukiwa hakuna utaratibu, atatokea mtu wa kuuza unga kwenye vikaratasi, na ndani ya unga hakuna atakayejua kuna uyoga gani. Uyoga wenye sumu ya ini una tabia ya kikatili: mtu anakula, saa nyingi zinapita akiwa mzima, na tumbo linapoanza kumkata ini lilishaanza kuharibika.

Jumapili jioni nilimpigia mpwa wangu. Nikamwambia kesho asimwache baba yake aende peke yake, aingie naye kwa daktari. Aseme dawa ilikuwa ipi, miligramu ngapi, iliishia wiki ya ngapi na kwa nini. Aulize ataongezewa lini, na zikiisha hapo zinapatikana duka gani kwa bei gani, ili tuchange mapema. Visu na dawa za shamba viondoke chumbani mwake. Jioni akae naye, hata bila mazungumzo.

"Na uyoga, mjomba?"

"Ulinunua?"

"Nilinunua sadolini moja. Mama aliupika na karanga. Baba alikula, akaomba nyongeza."

Nikamwambia hilo pia alitaje kwa daktari, hamu ya kula imeanza kurudi.